Siku Niliyohamisha Kamera Mlangoni

Nyinyi vijana mliobaki kwenye studio ya Bani Malik mmeniomba niwaandikie nilivyokuwa nikifanya kazi. Nitaanza na kiti cha mteja. Mguu wake wa nyuma ni mfupi, na nasikia mnataka kukitupa. Msikitupe. Mtu akikalia kiti kinachoyumba kidogo hunyoosha mgongo mwenyewe, lakini ukimwambia "nyooka" hukakamaa kama anayesubiri sindano. Kiti hicho kimenifaa kuliko taa zote mbili.

Mambo ya mshahara na vyeo nayaruka. Vyeo havikuwepo, maana mara nyingi nilikuwa peke yangu, na mshahara mnaujua wenyewe. Niliondoka Voi na nywele nyeusi, nimerudi Voi na kichwa cheupe na goti linalolalamika kila nikiinama. Katikati ya hapo nimepiga picha ndogo za paspoti na za ikama, kile kibali cha mgeni kukaa nchini, zile ambazo hakuna anayezitundika ukutani, lakini bila hizo huwezi kuwa mtu mbele ya karani.

Nilianzia Riyadh, mtaa wa Al-Murabba, kwenye studio nyembamba iliyobanwa kati ya duka la simu na ofisi ya kutafsiri hati. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Hamza, Mhadhrami mwenye masharubu mengi na subira kidogo. Siku ya kwanza nilijua nitapewa kamera. Nilipewa pasi ya nguo. Asubuhi nzima nilinyoosha kitambaa cheupe cha kuweka nyuma ya mteja, na kila nikidhani nimemaliza, mzee alikuja akakitazama kwa jicho moja, akasema, "Mafi, bado. Rudia." Nilidhani ananichezea, mpaka aliponionyesha picha ya fundi bomba mmoja. Kunjo la kitambaa lilikuwa limetokeza juu ya kichwa chake kama pembe. Picha ilirudishwa, na fundi wa watu akapoteza siku ya kazi.

Ukutani palikuwa na koti moja la suti, limepasuliwa mgongoni ili liwaenee wanene na wembamba, na tai yake ilikuwa imeshonwa kabisa kwenye kola. Vibarua wa mtaa wa Batha walilivaa kwa zamu. Mpaka leo naamini huko serikalini kuna kabati zima la wanaume wa kila nchi waliovaa koti lile lile, na sijui kama kuna aliyewahi kugundua.

Somo lililonibeba maisha yote nilipewa siku kibarua mmoja Mkisii aliposhindwa kutazama kamera. Ukimwita anakutazama, ukigusa kitufe macho yameshakimbia. Mimi nilikuwa nimeanza kupandisha sauti. Mzee Hamza alinisogeza pembeni. Alikwenda mlangoni, akaokota buti mpya ambazo yule jamaa alikuwa amezivua nje kwa heshima, akaja akaziweka chini ya kiti. Jamaa akatulia, picha ikatoka mara moja.

"Mtu haogopi kamera, ya Mwadima," aliniambia. Jina langu ni Mwadime, lakini mzee hakuwahi kulimaliza sawasawa. "Chumbani kuna kitu kingine kinamshughulisha. Kitafute hicho kwanza, halafu ndiyo utafute uso."

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba mteja haambiwi atabasamu. Anaambiwa ataje jina lake kimoyomoyo. Uso wa mtu anayejitaja mwenyewe hukaa mahali pake. Jaribuni, hamtaniuliza tena.

Mzee Hamza alipochoka na studio ikafungwa, kafili wetu, ndiye aliyekuwa mwajiri na mwenye dhamana ya karatasi zetu, alinihamishia Jeddah. Huko nilipambana na unyevu. Riyadh karatasi ya picha hukauka kama biskuti, Jeddah hujikunja kama jani la tumbaku. Na ukiitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaipeleka nje, lenzi inaota ukungu papo hapo na huoni kitu. Nawaambia hili mapema kwa sababu lilikuja kunitia jasho, nikiwa sina muda wa kupoteza.

Bani Malik mnaijua: vyumba vya kupanga, teksi za kuchangia zinapiga honi, nguo zimeanikwa kila dirisha. Ndiko nilikoanza kupokea watoto. Simaanishi watoto wa wenye familia walioletwa na ikama za baba zao. Nasema wale waliozaliwa vyumbani na mama wa kwetu ambao walikuwa wameshatoka kwa waajiri wao, hawana kibali cha kukaa, na kwa hiyo mtoto hana cheti cha kuzaliwa, hana chanjo iliyoandikwa popote, hana shule. Wanakua. Wanafika miaka kumi na tano, kumi na saba. Kiarabu chao ni cha mtaani hasa, Kiswahili chao ni cha jikoni kwa mama, na nchi inayosemwa ni yao hawajaiona. Mama zao walikuwa wamewafundisha tangu wadogo kuificha sura wakiona mtu anapiga picha. Kisha siku moja mama huyo huyo anamleta kwangu, anataka picha nne, uso wote, masikio au ushungi vionekane vizuri.

Benchi la kusubiri lilikuwa bunge letu. Spika alikuwa Wekesa, Mbukusu wa Webuye, mlinzi wa duka kubwa la jirani, aliyekuwa akija kunywa chai yangu wakati wa mapumziko yake.

"Hawa watoto wapewe ikama hapa hapa," alikuwa akisema. "Wamezaliwa hapa. Hiyo makosa si yao, ni ya sisi wakubwa. Unampeleka mtoto Kenya akafanye nini, na hata Uhuru Park ya Nairobi hajui?"

Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba mtaa wa pili alikuwa akimjibu kila mara. "Na wakipewa, si kesho kila mtu atazalia huku? Na sisi tumelipia kila kitu, tumefuata sheria, tuonekane wajinga?"

Mimi niliwamiminia chai wote wawili. Kusema kweli nilikuwa upande wa Wekesa, lakini yule mama naye sikuweza kumwambia amekosea, na kazi yangu ilikuwa kupiga picha.

Katika mabishano hayo, siku Wekesa hakuwa na zamu na amekuja na kanzu, ndipo alipoingia Mishi na binti yake Saumu. Mishi ni wa Kwale, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa. Alikuwa amefunga ndoa Bani Malik mbele ya mashahidi, chumbani, bila karatasi. Mumewe alikamatwa na kurudishwa kwao kabla mtoto hajazaliwa, na hakusikika tena. Saumu alizaliwa mwezi wa Ramadhani, mikononi mwa jirani. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kuliko mama yake, na majirani wote wasiojua Kiarabu walikuwa wakimpeleka duka la dawa awatafsirie.

Mishi alikuwa amesikia bunge letu toka mlangoni. "Mimi sitaki kujua apewe huku au apewe kule," akasema, hata hajaketi. "Nataka apewe. Popote! Nikifa leo, huyu atasemwa ni mtoto wa nani?"

 Wekesa akajisogeza, akampisha nafasi kwenye benchi.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali ya pale ilikuwa imetoa muda: asiye na kibali ajitokeze, aondoke bila kifungo, na akitaka kurudi siku nyingine arudi kwa njia halali. Watu wa ubalozi walikuwa wameshuka kutoka Riyadh na kukodi ukumbi Jeddah ili kuwaandikia Wakenya karatasi za kusafiria. Mishi na Saumu walikuwa wameshatolewa mate yakapimwa DNA, na majibu yalisema wazi kuwa ni mama na mwana. Kilichobaki ni picha tu. Lakini watu wa ubalozi walikuwa wakifunga virago kesho yake jioni, na ule muda ulikuwa ukingoni. Saumu asingeandikiwa sasa, angebaki hivyo hivyo, na mama yake alikuwa ameapa hataondoka bila yeye.

Nilimkalisha Saumu, nikawasha taa, nikapiga. Macho pembeni. Nikapiga tena. Macho yako sawa, kidevu kimekwenda kushoto na bega limepanda kama mtu anayetaka kuchomoka. Nilipiga nyingi sana. Nikachagua iliyokuwa na afadhali, Mishi akaikimbiza ukumbini, na asubuhi yake akarudi nayo. Karani alisema uso haujatazama mbele. Alisema kwa adabu, Mishi aliniambia, na alikuwa na haki, hata mimi ningeirudisha.

Tukaanza upya asubuhi hiyo. Saumu alikuwa ameketi, nimeshaiinamia lenzi, nikamwambia ataje jina lake kimoyomoyo. Mara Wekesa akaingia kunywa chai, ndani ya sare yake ya bluu, nembo begani, kofia kichwani, redio kiunoni inakoroma.

Saumu alipita chini ya mkono wake kabla sijainua kichwa. Kiti kilibaki kinayumba peke yake. Mishi akatoka mbio nyuma yake, akiita jina lake barabarani, jambo ambalo nadhani hakuwahi kulifanya tangu amzae.

Wekesa alibaki amesimama na kikombe kitupu. "Mwadime, mimi ni wa Webuye, jameni. Nimemfanya nini?"

"Hujafanya kitu. Nenda kavue hiyo shati."

Alipoondoka nilikalia kile kiti. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kukikalia. Mtu husimama upande wa kamera na kudhani anaijua studio yake. Kutoka pale kitini mlango uko kushoto, wa kioo, na kila mtu anayepita nje kivuli chake kinaingia kwanza, ndiyo mwenyewe anafuata. Huwezi kujua ni muuza maji au ni askari. Nikakumbuka zile buti za Mkisii. Saumu hakuwa akiikwepa kamera hata kidogo. Alikuwa akilinda mlango, na alikuwa ameulinda tangu aanze kutambaa.

Sasa, kijana wa leo angemwambia mama afunge mlango, ashushe na pazia la chuma. Mimi pia niliwaza hivyo, nikajikuta nasikia lile pazia likishuka kwa kishindo masikioni mwa mtoto yule. Nikaacha. Nikachukua miguu mitatu ya kamera nikaikokota mpaka kizingitini.

Hapo kazi ikaanza. Kitambaa kilikuwa ukuta wa kulia, nikakishusha nikakipigilia kwenye kabati la ndani, kikapata makunjo, nikatoa pasi nikakinyoosha pale pale kabatini. Mzee Hamza angenipigia makofi. Kiti nikakigeuza kielekee mlangoni. Taa nikazima zote mbili, kwa sababu ukichanganya taa na jua, nusu ya uso inakuwa ya njano kama mgonjwa wa ini. Dakika ya mwisho nikafungua mlango wazi kabisa, na lenzi ikaota ukungu.

Mishi na Saumu walirudi adhuhuri imepita, Saumu akiwa amekazwa mkono na mama yake. Nyuma yao alikuja Wekesa, amevaa fulana nyeupe yenye tundu ubavuni, sare ameikunja kwenye mfuko wa plastiki. Alimpa Saumu salamu kwa mbali, kama mtu aliyekwenda kuomba uchumba.

"Binti, samahani sana. Mimi ni mlinzi wa duka la viatu na mboga. Hata mwizi sijawahi kumshika."

Saumu alicheka kidogo, mkono mdomoni. Wekesa akaenda kusimama nje, hatua chache kutoka mlangoni, kuwazuia wateja. "Halas, halas, rudi baadaye," namsikia akiwaambia, na mteja mmoja akamuuliza mlinzi wa wapi anasimama na fulana.

Nikamwonyesha Saumu kiti. Alikitazama, akanitazama mimi nilivyoziba mlango na kamera yangu, akatazama barabara juu ya bega langu. Akaketi. Bega lake likashuka lenyewe, nililiona likishuka.

"Hapo pazuri, Ami," akasema. "Nikikuona wewe, namuona na anayekuja."

Mimi nilikuwa simuoni. Lenzi ilikuwa nyeupe tupu. Ukungu wa Jeddah haufutwi na kitambaa, ukifuta unarudi, unasubiri mpaka kioo kipate joto la nje. Nikasubiri. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Mishi, aliyekuwa amekaa sakafuni pembeni ya kabati, akaanza kunihimiza. "Ami Mwadime, wangoja nini? Wataondoka wale!" Nikamwambia kamera inapumua. Akaniambia yeye ndiye hapumui.

Ukungu ulianza kujitoa kati, ukaenda ukifunguka taratibu, na uso wa Saumu ukaja mbele yangu kidogo kidogo: pua kwanza, kisha macho, kisha ushungi. Na macho yalikuwa yananitazama. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimempiga picha siku mbili na ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumuona.

"Taja jina lako kimoyomoyo," nikamwambia.

Hakulitaja kimoyomoyo. Alilitaja kwa sauti, lote, lake na la baba na la babu, mpaka Wekesa akageuka kule nje. Nikabonyeza.

Moja tu, ikatosha. Nilizikata zile picha nne, nikapima kila ukingo kwa rula mara mbili. Mishi alizishika kwenye kingo kama mtu aliyebeba mayai, wakaingia teksi wakaenda. Tukabaki mimi na Wekesa tukitazama simu juu ya meza. Alichelewa kazini siku hiyo, na sidhani kama alikumbuka hata kuvaa sare.

Mishi alipiga simu wakati watu wanatoka msikitini swala ya alasiri. Kwanza tulisikia kilio tu. Kisha akasema, "Imebandikwa! Ami, imebandikwa!" Karani alikuwa ameitazama picha, akaipaka gundi, akagonga muhuri, akaita anayefuata. Ndiyo hivyo tu. Nilikalia kile kiti kibovu nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na Wekesa akanikumbatia na fulana yake yenye tundu. Sina furaha nyingine ya kazini ninayoweza kuilinganisha na ile.

Siku chache kabla ya safari, Saumu alikuja peke yake kuniaga, na akanionyesha karatasi. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa kwa herufi kubwa. Alilipitisha kidole.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini Ami, hii yasema naweza kuondoka. Mbona hakuna hata moja iliyowahi kusema naweza kukaa?"

Bunge zima la benchi langu, kwa miaka yote ile, halikuwahi kulisema jambo hilo kwa ufupi namna hiyo.  Nilimwambia aende salama, na aanze na hiyo aliyonayo. Niliona uchungu, maana alikuwa anauaga mji wake, huku moyo wangu umetulia kwa sababu alikuwa anauaga kwa jina lake. Walipovuka uwanja wa ndege Wekesa alipata ujumbe wa neno moja, "Tumepita," akaja kuusoma kwa sauti mbele ya wateja.

Baada ya hapo kamera ilikuwa ikienda mlangoni kila alipokuja mtoto wa aina hiyo. Ndiyo sababu mnaona alama tatu zimechimbika kwenye kigae cha kizingiti. Mlikuwa mkiniuliza, nami nikiwajibu ni mambo ya zamani. Kiyoyozi zimeni mapema, kabla hajafika. Na mlinzi yeyote wa jirani mwambieni avue sare kwanza.

Nilistaafu, nikarudi Voi. Wiki iliyopita Saumu alikuja kwangu, ametoka Kwale, akapanda treni ya asubuhi Mombasa. Ni mwanamke mzima sasa, ana kitambulisho, ana cheti cha chuo. Hospitali moja ya Jeddah inataka mtu wa mapokezi anayejua Kiarabu na Kiswahili, na wamemkubali, kwa mkataba na ikama. Anahitaji picha ya kuombea viza. Mombasa nzima ina studio, lakini alisema picha yake ya huko anaipiga mtu mmoja tu.

Mama yake alipiga simu hata chai haijachemka, sauti ile ile. "Ami Mwadime, mseme huyu! Mimi nilimtoa kule kwa machozi, leo ajipeleka mwenyewe!"

"Safari hii nitakwenda sokoni mchana kweupe, Mama," Saumu akamjibu, "na nitarudi nyumbani kwa miguu."

Nilikuwa nimeshapiga pasi kitambaa tangu alfajiri. Nikakitundika ukuta wa ndani, nikaweka kiti kielekee mlango wa sebule, nikanyanyua kamera yangu ya zamani na miguu yake mitatu, nikaanza kuikokota kuelekea kizingitini, goti likilalamika.

"Ami, dirisha la nyuma lina mwanga mzuri zaidi," Saumu akasema.

Nilipogeuka alikuwa ameshakishusha kitambaa, amempa mke wangu akishike, na amekizungusha kiti. Akaketi. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, kuku wa jirani wakiingia na kutoka. Mtu akapiga hodi, akaingia moja kwa moja na viatu vyake, mwanamume, sikumbuki hata alikuwa anataka nini. Saumu hakugeuka. Alikuwa ameweka mikono magotini, ananitazama mimi, anasubiri nimpige picha.